Nimeandika ukweli mtupu, makala yangu imefutwa mara mbili. Kosa langu ni lipi?

#1 Daftari la Zamani

Wakuu salaam.

Kuna jambo linaniwasha tangu wiki iliyopita. Nimejiunga na kamusi elezo moja ya mtandaoni, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuandika. Sitaitaja, sina ugomvi na mtu. Nikakesha usiku mzima naandika makala kuhusu mtunzi mmoja wa nyimbo za kwaya, mtu mzito katika fani yake. Maneno kama mia nane hivi. Asubuhi nakuta imefutwa. Nikairudisha. Ikafutwa tena, na safari hii nikaachiwa onyo kwenye ukurasa wangu wa majadiliano, limejaa vifupisho na viungo vya kanuni, hata sijui nianzie wapi kusoma.

Mle ndani hakuna sentensi ya uongo. HATA MOJA. Wanasema "mtu yeyote anaweza kuhariri". Kwani mimi si mtu?

Naomba wazoefu mnieleze kosa langu. Na kama kuna namna ya kujifunza kanuni hizi bila kusoma kurasa mia mbili, nionyesheni.

#2 Kalamu Nyekundu

Swali moja tu kwanza. Hizo habari ulizitoa wapi, na ulipaandika ulipozitoa?

#3 Daftari la Zamani

Nizitoe wapi tena mkuu? Nazijua. Huyo mzee nafahamiana naye miaka zaidi ya kumi na tano.

#4 Kalamu Nyekundu

Umejijibu.

Msomaji wa makala hakujui wewe wala hamjui huyo mzee. Akitaka kuhakikisha ulichoandika, aende wapi? Kama jibu ni "amuulize Daftari", hapo hakuna kamusi elezo, kuna hadithi. Kitabu, gazeti, jarida, utafiti uliochapishwa, kitu ambacho mtu mwingine amekiandika na kukipitia, ndicho kinachotakiwa. Kujua kwako hakuna thamani kule, na usione ni dharau, hata wenyewe wenye habari zao hawapewi upendeleo.

Mwaka 2012 mwandishi Mmarekani Philip Roth alitaka makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu riwaya yake mwenyewe irekebishwe. Ilikuwa inadai kwamba mhusika mkuu wake alitokana na mtu fulani, naye akasema sivyo. Akajibiwa kwamba neno la mwandishi peke yake halitoshi, kinatakiwa chanzo kingine. Akaandika barua ya wazi, ikachapishwa na jarida la The New Yorker. Baada ya hapo makala ikarekebishwa, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kunukuu.

#5 Msomaji wa Usiku

Yaani mtu ajiandikie barua gazetini ndipo aaminike kuhusu kichwa chake mwenyewe. Hahaha, nakaa hapa nasubiri, uzi huu utakuwa mtamu.

#6 Nyundo Kubwa

Msimdanganye mgeni. Vyanzo ni kisingizio. Zunguka mle ndani uone makala ngapi hazina tanbihi hata moja na zimekaa miaka, hazijaguswa. Sababu ya kweli ni kwamba tangu Wikipedia ianzishwe mwaka 2003 kuna kundi la wakongwe limejimilikisha, na hizi nyingine zote zimeiga tabia hiyo hiyo. Mgeni akiingia wanamnusa.

Mmesahau ya Donna Strickland? Rasimu ya makala yake ilikataliwa Mei 2018, ati vyanzo havionyeshi kwamba anastahili. Oktoba mwaka huo huo akapata Nobeli ya fizikia. Mwanamke wa tatu tu katika historia ya tuzo hiyo! Makala ikachapishwa haraka haraka siku ile ile. Sasa niambieni, kati ya Mei na Oktoba huyo mama alibadilika nini?

#7 Kalamu Nyekundu

Nyundo, punguza povu, na rekebisha tarehe. Wikipedia ilizinduliwa Januari 15, 2001, na Jimmy Wales na Larry Sanger. Mwaka 2003 ndipo ilipoanza ile ya Kiswahili, na ndio mwaka ulioundwa ule mfuko unaoiendesha. Huenda hapo ndipo ulipochanganya.

#8 Nyundo Kubwa

Sawa, 2001. Hoja yangu iko pale pale.

#9 Bi Tanbihi

Nyundo ana hoja nusu. Kisa cha Strickland ni aibu na waliohusika walijadili sana baadaye. Ila tazama kilichotokea: aliyekagua rasimu aliangalia vyanzo vilivyowekwa chini, akaona havimwelezi huyo mama kwa undani kutoka nje ya taasisi zake. Hakwenda kutafuta zaidi. Mtu alikuwa mkubwa, magazeti yalikuwa hayajamwandika. Ndiyo kasoro ya kanuni hii. Kama dunia imemsahau mtu, nayo kamusi elezo itamsahau, maana inakuja nyuma ya wengine.

Hili la kwamba "mbona nyingine zipo", nalo mtalisikia kila siku. Nyingine zipo kwa sababu hakuna aliyeziona bado. Makala mpya inapita kwenye orodha ya mabadiliko ya karibuni, macho yote yako pale. Iliyoandikwa zamani imejificha kwenye kona.

Daftari, mimi nahisi tatizo lako ni lugha. Hebu bandika hapa aya ya kwanza kama ilivyokuwa.

#10 Daftari la Zamani

Ahsante Bi Tanbihi. Hii hapa:

"Ni gwiji asiye na mfano, chemchemi isiyokauka ya vipaji, mwalimu wa walimu, ambaye kila akigusa kinanda nyoyo za wasikilizaji huyeyuka kama nta. Unyenyekevu wake unajulikana na kila mtu, na mchango wake hauwezi kuelezeka kwa maneno."

#11 Msomaji wa Usiku

Hauwezi kuelezeka kwa maneno, halafu yakafuata maneno mia nane.

Pole sana kwa msiba lakini.

#12 Daftari la Zamani

Msiba gani? Mzee yu hai, anadunda!

#13 Bi Tanbihi

Nimecheka mpaka nimepaliwa. Samahani Daftari.

Sasa tuiangalie aya hiyo kwa upole. Anatunga nini? Alianza lini? Nyimbo ngapi zimerekodiwa, na nani? Hakuna. Nimeisoma yote na sijui hata kama anapiga kinanda tu au anaongoza kwaya pia. Toa "gwiji", toa "chemchemi", toa "kila mtu", kinachobaki ni kinanda. Kanuni inaitwa kutoegemea upande wowote, na watu wanadhani inahusu siasa na dini tu. Inahusu sifa vilevile. Andika "ametunga nyimbo kadhaa za kwaya, zikiwemo hizi na hizi", weka tanbihi, nyamaza. Msomaji akitaka kuyeyuka kama nta atayeyuka mwenyewe.

Na kwa kuwa yu hai, mambo yanakuwa makali zaidi. Makala za watu walio hai zina ulinzi wa peke yake, kwa sababu kuna watu wameumizwa. Mwaka 2005 kuna mtu aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwandishi wa habari John Seigenthaler aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya akina Kennedy. Uongo mtupu, ukakaa miezi kama minne bila kuguswa. Baada ya kelele zile, kule kwenye Kiingereza wasio na akaunti wakazuiwa kuanzisha makala mpya. Kwa hiyo aliyefuta ya kwako hakukuchukia. Ameona makala ya mtu aliye hai, haina chanzo, akafanya anachofundishwa.

#14 Mgeni Mpole

Nami nichangie ya kwangu, ingawa inanitia aibu. Mara yangu ya kwanza kuhariri nilifuta aya iliyokuwa imejirudia mara mbili kwenye makala moja. Sikuandika chochote kwenye kile kisanduku cha muhtasari, pale unapoeleza umebadilisha nini. Kabla sijavuta pumzi, mabadiliko yangu yametenguliwa na nimeachiwa ujumbe kwamba nisiharibu makala. Nikaona nimemkosea mtu. Nikaenda kwenye ukurasa wake wa majadiliano, nikaandika aya mbili za kuomba radhi, kwamba mimi ni mgeni, sikuwa na nia mbaya, naomba nielekezwe.

Siku tatu hakuna jibu. Baadaye mtu mwingine akaniandikia kwa huruma: "Ndugu, huyo uliyemwomba radhi ni roboti."

#15 Msomaji wa Usiku

Nimekufa.

#16 Kalamu Nyekundu

Usione aibu, umefanya adabu kuliko wengi. Roboti za kupambana na uharibifu, yaani programu zinazotengua mabadiliko zenyewe, ni za kawaida kwenye wiki kubwa (wiki ni tovuti kama hizi ambazo kila mtu anaweza kuhariri). Zinaangalia dalili: akaunti mpya, maandishi mengi yameondolewa, muhtasari mtupu. Ungeandika maneno matatu tu, "aya imejirudia, naondoa", binadamu akipitia baadaye angeelewa mara moja. Muhtasari ni kitu kidogo ambacho wageni wanakiruka, na mimi nadhani robo tatu ya ugomvi inaanzia hapo. Hilo ni kadirio langu tu, msilinukuu.

Inawezekana hata ya Daftari iliguswa na roboti.

#17 Kabati la Funguo

Roboti haifuti makala. Inatengua mabadiliko. Kufuta ni kazi ya mkabidhi, mtu mwenye funguo. Niliwahi kuwa mkabidhi kwenye wiki moja ndogo kwa miaka michache, niliacha kwa sababu ya usingizi.

Mnakisia sana wakati sababu imeandikwa. Makala ikifutwa, mfumo unabakiza kumbukumbu: nani kafuta, lini, kwa nini. Daftari, fungua ule ukurasa uliofutwa, juu utaona mstari wenye sababu. Utuletee.

Na jingine la kukutoa wasiwasi. Makala iliyofutwa haijachomwa moto. Imefichwa tu machoni pa umma, mkabidhi anaiona na anaweza kukurudishia kama rasimu ukiomba vizuri. Neno ni "vizuri". Mtu akinijia na "WEWE NI NANI UNIFUTIE", nami ni binadamu, faili lake linakwenda chini ya rundo.

#18 Daftari la Zamani

Hmm. Kwa bahati mbaya nilishamwandikia. Kwa herufi kubwa.

#19 Nyundo Kubwa

Safi kabisa! Wasikie!

#20 Sarufi Kwanza

Nimepita kimya ila nishike neno moja. Wengi kwa Kiswahili huita ile kanuni ya nani anastahili kuandikiwa makala "umaarufu". Neno hilo linapotosha. Mtu anasoma "umaarufu", anafikiri ni wingi wa watu wanaokufuata kwenye mitandao. Mtu anaweza kuwa na wafuasi milioni na hakuna aliyeandika habari zake kwa undani, basi makala haipati. Na mdudu wa msituni asiyejulikana na mtu anapata, kwa sababu wataalamu wamemwelezea kwenye majarida yao. Ningependa waseme "kustahiki makala".

Pia, kwa wanaopenda kuchukua makala ya Kiingereza na kuipitisha kwenye programu ya kutafsiri kisha kuibandika: acheni. Mnatuletea sentensi ambazo hakuna mama aliyewahi kumwambia mwanawe. Mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani na Kiingereza, ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyekijua Kiskoti. Alikuwa anachukua Kiingereza na kubadilisha tahajia, miaka kadhaa, makala maelfu. Nia yake ilikuwa njema! Walioumia ni wenye lugha, maana watu walidhani Kiskoti ndivyo kilivyo.

#21 Mgeni Mpole

Sarufi, kwa hiyo kutafsiri hakuruhusiwi kabisa?

#22 Sarufi Kwanza

Kunaruhusiwa, na kuna kifaa rasmi cha kusaidia. Ila uisome sentensi, uifunge, uiseme kwa mdomo wako. Na kwenye muhtasari uandike umetafsiri kutoka makala ipi, na kiungo chake, kwa sababu walioandika kule wana haki ya kutajwa. Hilo ni sharti la leseni, wengi hawalijui.

Makala fupi nzuri inayoitwa mbegu ni bora kuliko ndefu ya mashine. Mbegu huota.

#23 Daftari la Zamani

Kabati, nimepaona. Sababu iliyoandikwa ni UKIUKAJI WA HAKIMILIKI. Sielewi. Nimemwibia nani?

#24 Kalamu Nyekundu

Ulikopi na kupesti kutoka mahali?

#25 Daftari la Zamani

Hapana. Yaani… sehemu niliitoa kwenye kijitabu cha tamasha letu, kipo mtandaoni. Lakini kile kijitabu niliandika mimi! Mtu anajiibia mwenyewe?

#26 Msomaji wa Usiku

"Tamasha letu". Letu na nani, mkuu? Uzi huu unafunguka kama kitunguu.

#27 Kabati la Funguo

Nilijua. Sifa zote zile hazikuwa sababu, ingawa Bi Tanbihi yuko sahihi kuhusu sifa.

Daftari, hivi ndivyo inavyokwenda. Aliyekagua alichukua sentensi yako, akaitafuta, akaikuta kwenye kijitabu chenye "haki zote zimehifadhiwa" chini. Yeye atajuaje kwamba wewe ndiye mwandishi? Jina lako la akaunti halithibitishi kitu. Makala ya hakimiliki haisubiri majadiliano, inafutwa papo hapo, kwa sababu ni suala la sheria. Zile za "hastahili makala" ndizo mara nyingi zinajadiliwa kwa siku kadhaa, kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwa kawaida siku saba.

Kama ni yako kweli, unaweza kuitoa chini ya leseni huru. Wenye Wikipedia wana watu wa kujitolea wanaopokea barua pepe za ruhusa kama hizo, na wiki nyingine zina utaratibu wao. Lakini ufikiri kwanza. Leseni huru maana yake yeyote anaweza kuchukua maandishi yale, akayabadilisha, hata akayauza, mradi akutaje na atoe kazi yake kwa masharti yale yale. Huwezi kusema "wayatumie wao tu". Na ukishatoa huirudishi.

#28 Nyundo Kubwa

Mnaona? Mwandishi halali wa maandishi yake anafukuzwa kama mwizi. Ndiyo ninachosema siku zote.

#29 Bi Tanbihi

Nyundo, ungekuwa wewe umeandika kijitabu, halafu mtu usiyemjua akakibandika kule akisema ni chake, ungetaka kifutwe au kibaki?

Ila Kabati, tusikimbilie kusema hiyo ndiyo sababu. Sababu iliyoandikwa ni moja, zilizomfanya mkaguzi asimame kwenye makala hiyo kwanza ni nyingine. Hakuna anayetafuta sentensi za kijitabu mpaka kwanza amesikia harufu ya tangazo. Nashikilia: lugha.

#30 Kalamu Nyekundu

Nami nashikilia vyanzo. Ingekuwa na tanbihi nne nzuri, mkaguzi angeondoa aya zilizonakiliwa na kuacha mifupa.

#31 Msomaji wa Usiku

Daftari hujajibu. "Tamasha letu." Na jina lako la akaunti kule ni lipi?

#32 Daftari la Zamani

Mimi ni katibu wa kwaya yake. Akaunti nimeisajili kwa jina la kwaya, ili wenzangu nao waweze kuingia na kuhariri. Nywila tunayo watu sita.

#33 Msomaji wa Usiku

Watu sita!!

#34 Kabati la Funguo

Mungu wangu.

Haya. Moja, akaunti ni ya mtu mmoja. Mkiingia sita, mmoja akifungiwa mmefungiwa wote, na hakuna anayejua nani aliandika nini. Mbili, jina la kikundi linaonekana kama idara ya matangazo. Omba libadilishwe au sajili jipya, na useme wazi kwamba la zamani lilikuwa lako, usije ukaonekana una akaunti mbili za siri. Tatu, una mgongano wa maslahi. Si dhambi kuwa nao. Dhambi ni kuuficha. Andika kwenye ukurasa wako wa mtumiaji: mimi ni katibu wa kwaya ya fulani. Kisha mapendekezo yako uyaweke kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, wengine waingize.

Jimmy Wales mwenyewe mwaka 2005 alikutwa amehariri makala inayomhusu, mle mlimokuwa na habari za Sanger kuwa mwanzilishi mwenza. Alikiri baadaye kwamba haipendezi. Kama mwenye nyumba aliona haya, katibu wa kwaya je?

#35 Mgeni Mpole

Si ni bora tu asitumie akaunti? Nasikia unaweza kuhariri bila kujisajili.

#36 Kalamu Nyekundu

Unaweza katika wiki nyingi. Ila zamani anwani ya IP yako, namba inayotambulisha mtandao unaotumia, ilikuwa inabaki kwenye historia milele, kila mtu anaiona. Wikipedia imeanza kutumia akaunti za muda ili kuificha. Hata hivyo kuna vitu hutaweza kufanya. Kwenye Kiingereza hata mwenye akaunti husubiri: siku nne na mabadiliko kumi ndipo aruhusiwe kuchapisha makala mpya moja kwa moja, kabla ya hapo anapita kwenye rasimu. Nashauri kila mgeni aanze na hayo kumi. Sahihisha tahajia, weka tanbihi panapokosekana, ongeza jamii (makundi ya mada ambamo makala hupangwa). Utazijua kanuni kwa mikono kabla ya kuzijua kwa macho. Daftari ameanza na makala ya mtu aliye hai, anayemfahamu, kwa maandishi ya kijitabu. Ni kama kujifunza kuogelea kwa kuanzia kilindini.

#37 Nyundo Kubwa

Mimi nina suluhisho la haraka. Sisi humu ni wengi. Daftari airudishe makala, atupe kiungo, twende watu ishirini pale kwenye majadiliano tuandike "ibaki". Wataiona nguvu ya umma.

#38 Kabati la Funguo

Hapana, hapana, hapana. Daftari usithubutu.

Majadiliano yale hayahesabiwi kama kura. Anayeyafunga anapima hoja na kanuni. Akaunti ishirini zilizozaliwa jana zikisema "ibaki" kwa sauti moja, zinawekewa alama kwamba ni za kuitwa, na hoja ya kweli iliyokuwapo inazama nazo. Nimewahi kufunga majadiliano kama hayo. Makala yenyewe ilikuwa inastahili, nakumbuka kulikuwa na mtu mmoja ameleta vyanzo viwili vizuri, nikavikuta chini kabisa baada ya kelele za ndugu na jamaa.

Wala usiirudishe tena kwa nguvu. Kuna kanuni ya kutotengua zaidi ya mara tatu kwa saa 24 kwenye ukurasa mmoja, Wikipedia ya Kiingereza wanaishika sana. Lakini tatu si haki yako, ni ukingo wa shimo. Unaweza kufungiwa hata kwa mara mbili kama nia ni vita.

#39 Nyundo Kubwa

Kwa hiyo mnyonge akae kimya.

#40 Bi Tanbihi

Asikae kimya, aende kwenye ukurasa wa majadiliano. Kukaa kimya na kuleta watu ishirini si njia pekee mbili zilizopo.

Nyundo, nikuulize kwa wema. Wewe ulifutiwa nini?

#41 Nyundo Kubwa

Mwaka wa zamani huko. Nilirekebisha orodha ya wachezaji wa timu fulani, usiku kucha, mtu akatengua yote kwa neno moja: "hapana". Sikurudi tena. Hakuna aliyenieleza. Neno moja tu.

#42 Bi Tanbihi

Hapo walikukosea. Kuna mwongozo unaosema msiwang'ate wageni, na mwingine unasema uchukulie kwamba mwenzako ana nia njema mpaka aonyeshe vingine. Anayetengua naye anadaiwa maelezo. Wazoefu tunausahau upande wetu wa adabu.

#43 Kalamu Nyekundu

Kweli. Mimi mwenyewe nimeandika "hapana" mara nyingi. Natumaini si timu yako.

#44 Sarufi Kwanza

Ikiwa alikuwa Kalamu, uzi huu utafungwa na waangalizi.

#45 Mgeni Mpole

Naomba kwa kifupi adabu za ukurasa wa majadiliano, maana Daftari anakwenda kuomba radhi na mimi nataka nijue.

#46 Kabati la Funguo

Ujumbe mpya unaanza chini kabisa, si juu, na uwe na kichwa chake. Ukijibu, weka nukta pacha (:) mwanzoni ili jibu lisogee ndani, mtu aone linamjibu nani. Siku hizi kwingine kuna kitufe cha kujibu kinafanya chenyewe. Usifute wala kusahihisha maneno ya mtu mwingine, hata kama ameandika vibaya. Zungumzia makala, usizungumzie mtu. Herufi kubwa ni kelele. Na utie sahihi: viwimbi vinne mfululizo, ~~~~, mfumo unaweka jina lako na saa. Viwimbi vitatu vinaleta jina bila saa, vitano saa bila jina.

Kama una hofu ya kukosea, kuna sanduku la mchanga, ukurasa wa kufanyia majaribio. Chezea humo hata mwaka mzima, hakuna atakayekutengua. Humo ndimo ningependa kila mtu aanzie, kinyume na Kalamu anayewapeleka moja kwa moja kwenye makala za watu.

#47 Kalamu Nyekundu

Kwenye sanduku la mchanga hakuna anayekusahihisha, ndiyo maana watu wanatoka humo na makosa yale yale. Kuna mwongozo pia unaosema thubutu.

#48 Kabati la Funguo

Thubutu, lakini si na nywila ya watu sita.

#49 Daftari la Zamani

Wakuu nimerudi, siku mbili nilikuwa kimya. Nimesajili akaunti yangu mwenyewe, nimeandika kwamba mimi ni katibu na ile ya kwaya ilikuwa yetu. Nimemwomba yule mkabidhi radhi kwa herufi ndogo. Amejibu ndani ya saa moja, mtu mpole kabisa, siamini ni yule yule. Amesema maandishi ya kijitabu hatayarudisha, lakini nikileta vyanzo viwili vitatu visivyo vya kwaya atanisaidia kuanza rasimu.

Shida ni kwamba nimetafuta. Nimepata habari moja fupi ya gazeti na imekosea mwaka aliozaliwa mzee. Niandike mwaka wa gazeti ambao si kweli, au wa kweli ambao hauna chanzo?

#50 Kalamu Nyekundu

Wa gazeti. Au uache mwaka kabisa.

#51 Bi Tanbihi

Uache kabisa. Usiandike jambo unalojua si kweli eti kwa sababu lina tanbihi, Kalamu!

#52 Sarufi Kwanza

Aliombe gazeti lisahihishe. Roth alifanya hivyo kwa namna yake.

#53 Nyundo Kubwa

Mwaka wa kweli! Aweke wa kweli, wamfute tena, tuone!

#54 Daftari la Zamani

Nimewasikia. Nilitaka nimuulize mkabidhi mwenyewe ila ujumbe wangu wa mwisho umetokea bila jina. Hicho kiwimbi kwenye simu kiko wapi?

#55 Msomaji wa Usiku

Bonyeza kitufe cha tarakimu, halafu kile cha alama. Kiko karibu na mabano yaliyopinda.

#56 Daftari la Zamani

Nimekiona. ~~~~

#57 Msomaji wa Usiku

Si huku, mkuu.